Amri ya Kumlisha Jinal

Mpiga taipu wa pale barazani mwa mahakama alipachika karatasi kwenye mashine yake, akapuliza vumbi, ndipo akauliza, "Mnamshtaki nani, mama?"

"Binti yangu."

"Kafanya kosa gani?"

"Hali chakula."

Yule mzee akaondoa vidole kwenye mashine. Kwa miaka yote aliyochapa maneno ya watu hapo Shinyanga mjini, alikwisha kuchapa kesi za ng'ombe, za mipaka, za talaka, hata za wachimbaji waliodhulumiana mashimo huko Bugarama. Hii ilikuwa mpya. Akamwangalia vizuri aliyesimama mbele yake: mwanamke wa Kihindi wa makamo, sari ya kijivu, viatu vimejaa vumbi la njia nzima. Jaya alikuwa amekuja kwa miguu ili dereva wa mumewe asijue alikokwenda.

"Ana umri gani huyo binti?"

"Ishirini na saba."

"Basi si mtoto huyo. Mtu mzima akikataa chakula, mahakama itamfanya nini?"

"Imlazimishe," Jaya alisema. "Andika hivyo hivyo."

Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na sita, mvua bado, na joto limekaa juu ya mji kama kifuniko. Siku nne kabla ya hapo Jinal alianguka bafuni akashindwa kunyanyuka. Jaya alimwinua peke yake. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko hata kuanguka kwenyewe, kwamba yeye, mwenye magoti mabovu, aliweza kumbeba binti yake mzima mikononi na kushuka naye ngazi hadi dukani kwao, akapita naye katikati ya majora ya vitenge na wateja waliompisha njia. Kwenye hospitali ya misheni nje ya mji walimpima. Kilo ishirini na tisa.

Watu walikwisha kusema yao. Miaka ile mtu akikonda jina la ugonjwa lilikuwa moja tu, na Champaklal, baba yake Jinal, alimpeleka mwenyewe kupimwa damu na karatasi ikaonyesha hana. Hakuthubutu kuionyesha mtu, kwa maana kuionyesha kungekuwa kukiri kwamba alikuwa ameulizwa.

Jaya alijua lilipoanzia, au alidhani anajua. Jinal alikuwa na miaka kumi na tisa alipofunga mfungo wao wa siku nane, maji ya moto peke yake, kama dini yao inavyowaruhusu wanaoweza. Ndugu walikuja kutoka Mwanza. Wakaimba, wakamsifu, na siku ya kufungua Jaya mwenyewe ndiye aliyemvisha shada la maua shingoni mbele ya watu wote, akalia kwa fahari. Baada ya hapo Jinal hakurudi sawasawa kwenye chakula. Kwanza aliacha samli, kisha wali, kisha akawa anakata chapati moja vipande kumi na sita na kuvihamisha sahanini mpaka watu wamalize. Alisoma, akawa mwalimu wa sayansi sekondari, wanafunzi wakampenda. Mwaka wa tatu wa kufundisha, ngazi za shule zikamshinda.

Hapo ndipo walipomlaza mara ya kwanza, hospitali moja ya mbali. Walimfunga mikono kwa vipande vya shuka, wakampitisha mpira puani, wakamlisha maziwa kwa siku kumi na moja. Alirudi nyumbani na kilo sita zaidi na alama mbili za kahawia kwenye vifundo vya mikono. Kwa mwaka mzima hakusema neno mezani. Kilo zile sita zilikwenda zilikotoka, na nyingine zikazifuata.

Na aliandika barua. Jaya hakuijua barua hiyo mpaka Jinal alipolazwa safari hii, Daktari Makoye alipomwita ofisini na kumwekea karatasi mbele. Daktari alikuwa kijana bado, mtu wa Maswa, mpole, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Aliniletea mwenyewe mwaka jana," alisema. "Akaniomba niitunze kwenye faili. Soma, Mama Nikhil," akamwita kwa jina la mwanawe wa kiume.

Kiswahili cha Jaya kilikuwa cha dukani, lakini mwandiko ule ulisomeka. *Mimi, Jinal Champaklal, nikiwa na akili zangu timamu, sikubali tena kuwekewa mpira wala kufungwa, hata kama nitakuwa katika hatari ya kufa.* Chini yake tarehe na sahihi.

"Ni mgonjwa," Jaya alisema. "Mgonjwa anajua nini?"

"Ndiyo hapo. Ugonjwa wenyewe ni huo wa kujinyima chakula, na unakaa kichwani. Lakini ukimkuta akikueleza moyo unavyosukuma damu, utasema ndiye daktari na mimi mgonjwa." Akaifunga faili. "Nikimlazimisha na barua hii ipo, nimemshambulia mtu mzima. Nikimwacha, nimemwangalia akifa. Nenda kwa hakimu, mama. Akinipa amri nitaifuata. Akinikataza nitamtii. Lakini peke yangu siwezi tena."

Ndivyo Jaya alivyofika kwa mpiga taipu.

Hakimu aliitwa Martina. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mzito wa mwili na wa maneno, aliyevaa miwani ya kamba. Alisoma maombi mara mbili, akafungua kitabu cha sheria ya zamani ya wagonjwa wa akili, akasema shauri hili haliwezi kusikilizwa bila mjibu maombi kuonekana. Na kama mjibu maombi hawezi kutembea, basi mahakama itamfuata.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi mahakama ilikuwa wodini. Mapazia mawili yalizungushwa kitandani. Hakimu alikalia kiti cha mbao, karani akaandikia magotini. Daktari Makoye alisimama, na muuguzi Limi, binti wa Kisukuma aliyemhudumia Jinal tangu alipoletwa, alikaa upande wa kichwani akimshikia gilasi ya maji. Champaklal pia alikuwepo. Alikuwa amepata habari kwa karani, si kwa mkewe, na alipoingia hakumtazama Jaya.

Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Mheshimiwa, naomba mumwache," alisema. "Kwetu sisi wapo watu walioacha chakula hadi kufa wakiwa na heshima zao, na hakuna aliyewaita wendawazimu. Tulimfunga mara moja kama mbuzi. Mimi nilikuwa mlangoni nikamsikia. Sitaki kusikia tena."

"Unasema amefunga? Ni mfungo wa dini?"

Jaya akajibu kabla hajaulizwa.

"Mtu aliyefunga ana siku yake ya kufungua, Mheshimiwa. Huyu hana siku. Miaka minane namngoja."

Hakimu akavuta kiti karibu na kitanda. "Jinal, unanisikia?"

"Nakusikia, Mheshimiwa. Shikamoo." Sauti ilikuwa ndogo, lakini Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wazazi wake.

"Marahaba. Unataka kufa?"

"Hapana."

"Unajua utakufa usipokula?"

"Najua. Daktari anasema wiki mbili, tatu. Naona hakosei. Misuli ya moyo nayo inaliwa."

"Basi kwa nini huli?"

"Ningekuwa najua, ningekwisha kula."

Karani aliacha kuandika. Hakimu hakumkemea.

"Ukijitazama unajiona mnene?"

Jinal aliinua mkono wake, akautazama kwenye mwanga wa dirisha kama anayetazama kitu cha maabara. "Naona mifupa. Mizani naisoma mwenyewe. Kichwa kinajua yote. Lakini kijiko kikifika hapa," akagusa kidevu, "kuna kitu kinaniambia kikiingia nimeharibika, nimekwisha. Nacho kina nguvu kuliko mimi."

"Sasa anayekataa chakula ni wewe, au ni hicho kitu?"

Nje ya pazia mtoto wa mgonjwa mwingine alikuwa akikohoa. Jaya alimwangalia binti yake akitafuta jibu la kweli, jinsi alivyokuwa akitafuta tangu mdogo, hataki kusema jambo asilokuwa na hakika nalo, na moyoni akamsihi, mara hii tu, adanganye.

"Sijui," Jinal alisema. "Lakini kamba hazikifungi hicho kitu, Mheshimiwa. Zinanifunga mimi."

Hakimu Martina aliahirisha hadi saa nane mchana. Jaya alimfuata ukumbini, akapiga magoti yale mabovu kwenye sakafu, akashika upindo wa sketi yake. Hakimu alimwambia ainuke, kwamba haifai, lakini hakuuvuta upindo.

Uamuzi ulisomwa kutoka kwenye karatasi yenye mistari mingi iliyokatwa. Hakimu alisema ameisoma barua na haidharau. Alisema amemkuta mjibu maombi ana akili kuliko wengi waliowahi kusimama mbele yake. Lakini kwa maneno yake mwenyewe yupo mwingine ndani yake anayemshinda nguvu, na mahakama haiwezi kujua barua ile iliandikwa na yupi. Mtu akifa shauri limefungwa milele. Akiishi linaweza kufunguliwa tena. Kwa hiyo daktari anaruhusiwa kumlisha kwa mpira kwa siku kumi na nne, na kumzuia mikono pale tu itakapolazimu.

Champaklal alitoka bila kuaga. Jaya alimbusu Jinal kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi.

"Ba," Jinal alisema, kwani ndivyo alivyomwita mama yake, "usiwepo watakapoanza."

Lakini ilibidi awepo. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na huyo mwingine alikuwa na mama anayejifungua. Limi alimwita kwa aibu. "Mayu," alisema, akisahau Kiswahili na kumwita mama kwa Kisukuma, "nishikie mikono yake. Dakika moja tu."

Jinal alitulia mpaka mpira ulipofika kooni. Hapo ikamjia nguvu ambayo mwili ule haukuwa nayo. Alipinda mgongo, akakoroma, miguu yake ikapiga reli ya kitanda, na Jaya akaning'inia kwenye vifundo vile viwili vyembamba huku akisema kwa Kigujarati, basi, basi mwanangu, yamekwisha, wakati yalikuwa hayajaisha. Limi alifunga bandeji kwenye reli. Fundo lilikaa palepale penye zile alama za kahawia.

Siku ya pili, alipofunguliwa aogeshwe, aliuchomoa mpira. Ukarudishwa. Siku ya tatu aliuchomoa tena, puani ikatoka damu, ukarudishwa. Siku ya nne miguu ilivimba ikawa kama ya mtu mwingine, na moyo ukaanza kwenda mbio kisha kusita. Daktari Makoye akapunguza maziwa nusu, kisha robo. Alimweleza Jaya kwamba mwili uliokaa na njaa miaka yote hiyo ukipewa chakula haraka, chakula nacho kinaweza kuua, kwamba alilijua hilo na ndiyo maana alianza kidogo, na bado huenda kidogo kilikuwa kingi. Hospitali haikuwa na mashine ya kupima chumvi za damu. Alikuwa akipapasa gizani, alisema.

"Tukiacha?" Jaya akauliza.

"Atakufa kwa njaa."

"Na tukiendelea?"

Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Siku ya sita Jaya alikaa kando ya kitanda akimpaka mafuta kwenye miguu iliyovimba. Jinal alikuwa hajasema na mtu siku tatu. Sasa aligeuza uso wake polepole, mpira ukiwa umebandikwa plasta shavuni.

"Umeshinda kesi, Ba," alisema.

Hakuisema kwa hasira. Jaya angeivumilia hasira. Alisema kama mwalimu anayemrudishia mtoto karatasi yake ya mtihani. Kisha akageukia ukuta.

Jaya aliweka chupa ya mafuta chini, akatoka, akatembea hadi mahakamani kwenye jua la saa saba. Hakimu Martina alikuwa ofisini peke yake na mafaili.

"Mheshimiwa, nimekuja uifute amri."

"Wiki iliyopita ulinipigia magoti."

"Nilipiga."

"Unajua unachoniomba? Unataka nitie sahihi afe?"

"Sitaki afe." Jaya alijishika kwenye ukingo wa meza. "Nilidhani ukishatia sahihi wewe, itakuwa kazi ya serikali. Sikujua itakuwa mikono yangu. Njoo umwone. Mimi sijui Kiswahili cha kukueleza. Njoo umwone tu."

Hakimu alikuja jioni ile ile, bila karani. Aliomba bandeji zifunguliwe. Akashika mkono wa Jinal, akaugeuza, akatazama ngozi iliyochubuka mpaka nyama, akauweka juu ya shuka kwa uangalifu.

"Nilisema pale tu itakapolazimu," alimwambia daktari.

"Ililazimu kila mara, Mheshimiwa," Makoye alijibu. "Hakuna mpira uliokaa bila kamba."

Hakimu aliketi. Limi akawasha taa.

"Jinal, nikiwaambia waache, utakula?"

"Siwezi kukuahidi."

"Sikuombi ahadi. Nakuuliza."

"Nitajaribu kile kidogo ambacho kitu hicho hakitakiona," Jinal alisema. "Hakitatosha. Nakwambia kabisa."

Kesho yake amri mpya ilikuja na tarishi, nayo ilikuwa fupi. Amri ya kwanza imefutwa. Mjibu maombi asiwekewe mpira wala asifungwe bila kauli yake mwenyewe. Akihitaji chakula, maji, dawa ya maumivu au mtu wa kukaa naye, apewe saa yoyote. Mpira ulitolewa mara ya mwisho, na safari hii Jinal alikaa wima akasaidia kuuvuta.

Aliishi wiki kumi na moja.

Hakuna aliyezitegemea hizo wiki. Tano za kwanza alikaa hospitalini kwa hiari yake, kwa sababu ya Limi. Muuguzi huyo alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kupanda daraja na kemia ilikuwa imemshinda mara mbili. Akawa analeta daftari lake kitandani baada ya zamu, na Jinal anamfundisha, akichora kwa penseli. Katikati ya somo Limi alikuwa akiweka kikombe cha uji wa ulezi kwenye kabati la pembeni bila kukitaja. Hakuangalia. Mara nyingine uji ulipungua vijiko vinne, mara nyingine vitano, mara nyingine uliganda na ngozi juu. Jaya alijifunza kutoangalia naye pia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya.

Desemba walimrudisha nyumbani. Nikhil, kaka yake, alikuja kutoka Runzewe alikouzia wachimbaji makoleo na sururu, akambeba dada yake kumpandisha ghorofani, akashuka akasimama nyuma ya majora akilia na mikono yake mitupu. Champaklal alianza kumsomea binti yake gazeti kila asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, hata matangazo ya minada. Na yeye na Jaya wakaanza tena kuzungumza, mwanzoni juu ya mto, juu ya shuka, juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Siku moja Jinal alimwomba mama yake amchane nywele. Zilikuwa zimebaki chache, zinatoka na kitana.

"Ulinichukia?" Jaya aliuliza akiwa nyuma yake, mahali ambapo hawakuonana uso.

"Siku ile ya sita, ndiyo." Jinal alifikiri. "Kama usingekwenda mahakamani mara ya kwanza, nisingekuwepo leo kukwambia. Najua hivyo. Na bado nilikuchukia. Yote mawili ni kweli, Ba, usichague moja."

Mwezi Januari mvua zilinyesha vizuri. Vijiko vinne vikawa viwili. Daktari Makoye alikuja, akamuuliza waziwazi kama sasa atakubali mpira, bila kamba, kwa hiari. Jinal alifikiri siku nzima. Jaya alishinda kwenye ngazi, hawezi kupanda wala kushuka. Jioni Jinal akasema amejaribu kusema ndiyo, amelifikisha neno mpaka mdomoni, na limekataa kutoka. Aliomba radhi kwa daktari. Siku tisa baadaye, asubuhi, baba yake akiwa katikati ya kumsomea habari za mvua, alipumua mara moja kwa nguvu na hakupumua tena. Champaklal alimalizia habari ile mpaka mwisho kabla ya kumwita mkewe.

Waliuchoma mwili wake siku ile ile, kama ilivyo desturi yao. Limi alikuja na sare yake ya kazi. Matokeo ya mtihani yalikuwa hayajatoka, na alipofaulu, mwezi wa Machi, alikwenda kumwambia Jaya kabla ya kumwambia mama yake mzazi.

Hakimu Martina alifika siku ya tatu ya msiba, kwa miguu, kitambaa cheupe kichwani. Aliketi mkekani na wanawake waliovaa sari nyeupe, ambao hawakumjua. Walipopungua alisogea kwa Jaya.

"Nimekuwa na swali," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikosea mara ya kwanza au ya pili?"

Jaya alimtazama. Alikuwa amefikiri kwamba mtu huyu, aliyesoma, mwenye vitabu vile vyote mezani, ndiye angekuja kumpa yeye jibu.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema. "Mimi nami nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

Chai ililetwa, ya maziwa na tangawizi, na hakimu akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kuinywa. Ghorofani mtu alikuwa akivuta kitanda kukihamisha. Jaya alisikiliza mpaka sauti ile ikaisha, kisha akamgeukia mgeni wake, akamwambia chai inapoa.